Senga, wao walienda kuona maporomoko mimi nikabaki na sufuria, na sasa wanataka turudi Sipi

Senga, shangazi yetu wa ushauri, hujambo, pole na kazi ya kusoma shida zetu. Naandika kutoka Tororo na naomba jina usiweke maana wifi zangu wanasoma hapa, mmoja wao ndiye alinionyesha hii safu.

Mimi ni Mgisu nimeolewa kwa Wasamia. Baba mkwe alikuwa mwanajeshi, watoto wake wamekulia barakisi tofauti tofauti kwa hiyo Kiswahili ndio lugha ya hiyo nyumba, na wananipenda, hilo sikatai, sijawahi kusikia mtu akiniita wa kuja. Shida yangu ni likizo.

Mwaka jana shemeji yangu wa Kampala alileta wazo kwamba Krismasi tusiende kijijini Busia, twende Sipi kule mlima Elgon tukodi koteji. Alikuwa ameiona kwenye intaneti, nyumba nzima ya vyumba vinne, ina jiko, ina friji, mnajipikia wenyewe, elfu 400 kwa usiku hata mkiwa wengi. Akapiga hesabu kwenye grupu ya WhatsApp kwamba hoteli ingetumaliza lakini hii tukigawana familia 4 ni elfu mia mia kila usiku, kila mtu akafurahi. Mama mkwe peke yake ndiye aliuliza, "Kwani mnalipa nyumba ya watu ndio mkapike, huku kijijini hakuna mafiga?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Senga tulikuwa watu wazima 9 na watoto 7. Tumefika jioni baridi imeshaanza kushuka, mtunza nyumba akatupa funguo akaenda zake. Naingia jikoni nakuta jiko la gesi la pleti mbili, mtungi ule mdogo wa kilo 6 ukiuinua unajua kabisa huu hauna kitu, sufuria kubwa kuliko zote inatosha chai ya watu watano, na kisu kimoja ambacho nyanya kinaiponda badala ya kuikata. Sasa nani apike? Hakuna aliyesema. Mke wa shemeji alikuwa na mtoto mchanga, huyo hata sina neno naye. Wifi wa Jinja akasema dada wewe ndio unajua baba anakula nini. Wifi mdogo akasema ofisini wamemchosha amekuja kulala. Na mimi ndiye mke wa kifungua mimba, ningekaa wapi? Nikajifunga leso nikaanza.

Gesi iliisha kesho yake asubuhi, nikatoka nje kwenye sigiri, ukungu umejaa hata geti sioni, makaa yenyewe yamelala nje yana unyevu. Maharage nimeyainjika saa tatu asubuhi, saa nane mchana bado yanagonga meno, na wifi akaniuliza mbele ya mama mkwe ati siku hizi Tororo mnapika maharage gani. Wao wanatoka wanaenda kwenye maporomoko, wanaenda kwa watu wa kahawa, wanarudi na matope kwenye viatu na njaa na mapicha. Mimi yale maporomoko niliyaona kupitia waya wa mbu wa dirisha la jikoni nikiwa naosha masahani. Siku moja wanaume walichoma mbuzi, wakakaa kwenye moto na bia zao tangu mchana, mimi nikasonga ugali, nikakata kachumbari, nikaosha vyote usiku, na mpaka leo kwenye grupu watu wanasifia "ile mbuzi ya shemeji."

Na kuna hili lingine hata kuliandika naona aibu. Bafu lilikuwa moja tu ndani ya nyumba. Asubuhi moja natoka kuoga nimejifunga leso, nafungua mlango nakutana uso kwa uso na baba mkwe amesimama pale na mswaki, taulo begani. Yule mzee akaangalia ukuta, mimi nikaangalia sakafu, na kuanzia siku hiyo nilikuwa naoga saa kumi usiku na maji baridi ili tusikutane tena.

Sasa mwaka huu wamefungua grupu mpya. Wifi wa Jinja ameshaweka listi ya chakula na chini ameandika "mpishi mkuu" na jina langu, watu wakapiga makofi na emoji za kucheka. Shemeji anasema Desemba ikikataa basi twende Agosti mwaka kesho. Nikimwambia mzee wangu anajibu vumilia, ni siku chache tu, hao ni ndugu zangu. Yeye ni mtu mzuri Senga, ni fundi magari, hanipigi, hanywi sana, lakini kwenye hili haoni kabisa ninachosema.

Nijifanye mgonjwa nibaki? Niseme twende hoteli niitwe mwenye maringo? Au ndio nivumilie tu kama mke?

Mke wa Kifungua Mimba, Tororo

SENGA ANAJIBU

Mwanangu, ugonjwa wa kujifanya usiuguze. Ukibaki Tororo na malaria ya uongo, wataahirisha kidogo au wataenda bila wewe, na Krismasi inayofuata jina lako litarudi palepale chini ya listi. Na watoto wako wataenda na nani?

Mimi nianze na ile hesabu ya shemeji yako kwa sababu hapo ndipo kila kitu kiliharibikia. Aliangalia bei ya hoteli akaona kubwa, akaangalia bei ya koteji akaona ndogo, akafikiri amepata kitu cha bei rahisi. Lakini hoteli ni ghali kwa sababu kuna mtu anaamka saa kumi na moja asubuhi anawasha moto, mwingine anaosha sahani, mwingine anafagia, na wote hao mwisho wa mwezi wanalipwa. Koteji ya kujipikia imewatoa hao watu wote, kazi yao imebaki pale pale. Shemeji akaifuta kwenye karatasi ikaangukia kwako, bila mshahara na bila hata kuulizwa. Kwa hiyo mama mkwe wako aliuliza swali la maana kuliko wote kwenye ile grupu, mkacheka.

Sasa kaa na baba watoto jioni moja akiwa ameshakula, usimwambie habari za kuchoka, wanaume wengi ukiwaambia umechoka wanasikia lawama wanajifunga. Mpe namba, yeye ni fundi, gari likija gereji hesabu ya spea na hesabu ya kazi anaziandika mbali mbali, hii ataielewa. Mwambie hivi: watu 16, mara tatu kwa siku, tuseme mnakaa siku 5, hizo ni sahani 240 za kupakua na 240 za kuosha, na chai ya saa kumi hatujaigusa. Gereji kwako fundi akifanya kazi ya namna hiyo utamlipa ngapi? Halafu nyamaza usubiri.

Kisha muonyeshe dawa yake, na mimi dawa naijua moja tu: mpishi wa kulipwa kutoka palepale Sipi, na pesa yake iwe ndani ya mchango tangu mwanzo kama ilivyo pesa ya nyumba. Tuseme mama mmoja wa kupika mnakubaliana elfu 30 kwa siku na msichana wa kumsaidia kuosha elfu 20, hiyo ni elfu 50, kwa siku 5 ni elfu 250, gawanya kwa familia 4 unapata elfu 62 na mia tano kila familia. Bei zenyewe mtazielewana huko na mpishi, usizishike kama amri, lakini unaona ukubwa wake? Hao wanaume jioni mbili tu za bia zinapita hapo. Mtu akikuambia hawezi kuongeza elfu 62 kwa likizo ambayo ameshaitolea laki 5 ya nyumba, huyo tatizo lake si pesa, amezoea kupikiwa bure na shemeji.

Mpishi mnampataje? Mtunza nyumba anawajua. Pale Sipi wako akina mama wanaopikia wageni wa kahawa na wageni wa loji, na wengi watu wa Sebei Kiswahili wanakiongea vizuri kwa sababu Kenya iko karibu, kwa hiyo hata mama mkwe wako ataelewana nao bila mkalimani. Mkubaliane mapema anakuja saa ngapi, anaondoka saa ngapi (aondoke mapema, asitembee gizani kwenye zile njia za mteremko), anakula hapo hapo, na analipwa kila jioni mkononi. Na anayemlipa asiwe wewe! Ukishika wewe ile pesa utakuwa bosi wa jiko, na bosi wa jiko ndiye anayeulizwa chumvi iko wapi. Ashike wifi wa Jinja kwa kuwa listi ni yake.

Najua utaniambia mama mkwe hawezi kula chakula cha mkono wa mtu asiyemjua. Sawa, kwa hiyo mpe mama mkwe kazi yake. Kabla ya safari baba watoto ampigie simu mama yake, siyo wewe, amwambie mama tumetafuta mtu wa kupika, tunaomba wewe ndio umuangalie kama anafaa na umwambie baba anakula nini. Mama mkwe aliyekataa wazo zima atakuwa amepewa kiti pale jikoni kwa heshima yake, atakaa pale na kikombe chake cha chai anaonja mchuzi, na nakuhakikishia huyo mpishi hatapata nafasi ya kuchezea chumvi. Wewe utakuwa huko chini kwenye maporomoko na watoto wako.

Tena huu ujumbe kwenye grupu auandike baba watoto. Hapo nisikilize vizuri. Ukiandika wewe, itakuwa mke wa kaka amekataa kutupikia, na hilo neno litazunguka Busia mpaka Kampala, litafika kwenye mazishi na harusi zote za ukoo. Akiandika yeye ni kifungua mimba amepanga mambo ya ndugu zake, na ndiyo kazi ya kifungua mimba. Maneno yenyewe yasiwe mengi: "Jamani mwaka huu tunaweka mpishi na wa kuosha, kila familia inaongeza elfu 62 na mia tano, mama ndiye msimamizi, nani anapinga?" Usiweke ufafanuzi, usiweke yaliyopita. Hakuna mtu atakayeandika kwenye grupu kwamba anapinga mama kuwa msimamizi.

Halafu lile bafu. Mwanangu wewe umelitaja mwishoni kwa aibu lakini mimi naliona zito kuliko jiko. Nyumba za kwetu kijijini zina akili yake, mzee ana bafu lake la nyuma, mke wa mtoto ana njia yake, hata kama ni maturubai na miti kila mtu anajua apite wapi saa ngapi. Hizi koteji zimejengwa kwa ajili ya watu na watoto wao au marafiki, mtu aliyezichora hakuwa na picha ya baba mkwe kichwani. Kwa hiyo usikubali, na hapa hata kama ni kugombana gombana, nyumba yenye bafu moja kwa watu wenu. Muulize mwenye nyumba maswali mawili tu: bafu ni mangapi na milango yake inafungukia wapi. Kama nyumba ni ileile, basi wazee wachukuliwe banda lao kando lenye choo na bafu ndani, sehemu nyingi Sipi zinayo, na mchango uongezwe. Hata baba mkwe mwenyewe atashukuru, unafikiri yeye alilala vizuri zile siku? Mzee wa watu pia alikuwa anasikiliza mlango kabla ya kutoka chumbani.

Kuhusu maharage sasa, maana naona hilo neno la wifi limekukaa. Mwambie wifi yako hivi: Sipi iko juu, kama mita 1,775 kutoka usawa wa bahari, na ukienda juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kule yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Na maji yakishachemka hata uongeze makaa gunia zima joto haliongezeki, unaongeza mvuke tu. Sasa weka na upepo, na baridi, na makaa yenye unyevu, na sufuria ndogo isiyo na kifuniko, hapo hata bibi yake angeinjika asubuhi akapakua usiku. Maharage ya Sipi yanalowekwa usiku kucha, au unayachemsha kabisa nyumbani Tororo unaenda nayo kwenye ndoo unakwenda kuyaunga tu, au mtu anakuja na presha kuka. Mpishi wa pale analijua hili tangu utotoni, ndiyo maana nakwambia mchukueni yeye.

Kabla hamjatuma hata shilingi, mtu aende aone. Tororo mpaka Mbale ni karibu, kutoka Mbale kupanda Sipi ni lami saa moja na kitu, na nyumbani kwako kuna fundi wa magari, Jumapili moja ataweza. Akishindwa, mpigieni mtunza nyumba simu ya video, na hapo msiangalie vitanda, vitanda kila mtu anavipiga picha nzuri. Afungue bomba la jikoni maji yatoke mnaona. Awashe pleti zote mbili. Atoe sufuria kubwa kuliko zote aishike kwa mikono mjue ukubwa wake. Aseme mtungi ni wa kilo ngapi na ukiisha usiku nani analeta mwingine. Aseme umeme ni wa Yaka, ule wa kulipia kabla, au sola, na kama ni Yaka nani ananunua yuniti zikiisha, maana kuna watu wamefika wamekuta mita inasoma sifuri na mwenye nyumba simu haishiki. Pesa ya advansi ikienda kwa mobail mani lile jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri lilingane na jina la mtu mnayeongea naye, likiwa lingine simamisheni.

Vitu vya kubeba sitakuandikia listi, wewe ni mama wa nyumba. Ila sufuria lako kubwa la sherehe na kisu chako mwenyewe usiviache, na masweta ya watoto, usiku wa kule siyo wa Tororo. Viazi, kabichi, maziwa na ndizi mtavikuta huko huko juu, msijaze gari. Mchele, mafuta, viungo na nyama ya kwanza chukueni Mbale sokoni, na mwambie anayeshika pesa anunue kuku na mbuzi mapema kidogo kwa sababu wiki ya Krismasi bei ya kuku hapa Uganda kila mtu anaijua inavyofanya. Mbuzi mchome tena, kwa nini sivyo, lakini wanaume wakichoma wao ndio wanasonga na ugali wao ndio wanaosha, siku moja tu hawatakufa.

Agosti ya shemeji ikataeni. Wewe Mgisu sina haja ya kukufundisha, 2026 ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wenu, kuanzia pale Mutoto karibu na Mbale Agosti mpaka milimani barabara ni ngoma na vumbi na watu, shemeji wa Kampala atakaa kwenye foleni Mbale mpaka ajute. Ni sherehe yenu na ni nzuri, lakini aje kwa ajili ya imbalu yenyewe. Tena ni msimu wa mvua upande huo wa mlima. Mbale ilifurika usiku wa kuamkia Julai 31 mwaka 2022, na Bulambuli, ambayo mnaipita mkipanda Sipi, udongo uliporomoka Novemba 2024 ukafunika nyumba za watu. Desemba mwishoni mpaka Februari ndio kipindi kikavu, na kahawa inakuwa bado inavunwa, kwa hiyo mnaweza kukaa kwenye uwanja wa mtu mkaitwanga kwenye kinu mkaikaanga kwenye makaa mkainywa hapo hapo. Watoto wa Tororo wanaokunywa chai tu watakunja uso, lakini wataikumbuka.

Na maporomoko yenyewe uende siku ya kwanza asubuhi, kabla hakujatokea sababu. Yako matatu, lile kubwa la chini linaanguka karibu mita 100, na njia ya kushuka mpaka chini yake ina utelezi na ngazi za miti, kwa hiyo mchukue kijana wa pale awaongoze, muelewane bei kabla hamjaanza kutembea, na watoto wadogo washikwe mkono. Mke wa shemeji na mtoto wake nao waende mpaka pale wanapoweza, naye alikuwa amefungiwa ndani mwaka jana ila hakuna aliyemuuliza.

Wewe kupika usikatazwe kabisa, hapo ndipo watu wanakosea wakidhani namwambia mtu akunje mikono. Chagua siku moja na kitu kimoja. Kama ni malewa, yale machipukizi ya mianzi, wewe ni wa huko, nunua malewa makavu Mbale yaliyokaushwa kwa moshi, yachemshe, uyaweke kwenye karanga za kusaga, ule mchuzi mzito wa kwenu, uwalishe Wasamia. Hiyo utakuwa umeipika kwa kupenda na jina lako kwenye listi litakuwa na maana nyingine.

Hoteli je? Sijaisahau. Ukinipa mimi pesa nachagua hoteli bila kufikiri, lakini kwenu kuna mtoto mchanga anayetaka uji saa nane usiku, kuna mzee mwenye chakula chake, kuna watoto 7 wanaopiga kelele, na nyumba nzima yenye jiko inawafaa kuliko korido ya hoteli ambako mtaambiwa nyamazeni. Koteji haina kosa, lililokosekana kwenye hesabu ni mshahara wa mpishi.

Ikiwa baba watoto atakataa kuandika ule ujumbe, au ataandika na ndugu zake wakakataa mpishi, basi kijijini Busia kwa mama mkwe mle Krismasi huko, ambako jiko lina wake wengi na majirani na kila mtu anajua kazi yake. Halafu katikati ya Januari, bei za nyumba zikishuka na shule hazijafunguliwa, wewe na mzee wako na watoto wenu watatu mpande Sipi usiku mbili, koteji ndogo ya vyumba viwili, na zamu ya kuosha vyombo iandikwe ukutani na jina la baba liwemo. Sema naye hilo kabla ya tarehe ambayo shemeji ametaka advansi, siyo baada.